Kazaliwa mzima, vipi awe na ugonjwa wa kurithi?

Ukimtaja daktari wa mifugo aliyebobea kwenye patholojia (uchunguzi wa namna ugonjwa unavyoharibu mwili), wengi humfikiria mtu wa buti na aproni anayepasua mzoga, anatamka mnyama kafa na nini, kisha ananawa mikono. Kupasua kupo. Ila kwa anayesomea magonjwa ya mifupa, hapo ndipo kazi inapoanza, na inaweza kummalizia miaka. Chuo Kikuu cha Massey, huko New Zealand, kina mifano mizuri.

Dhana inayowasumbua zaidi wataalamu hawa ni hii: mwanakondoo akizaliwa mzima kisha akaharibika, basi kosa ni la malisho. Huko wako kondoo wa aina ya Texel waliozaliwa bila dosari yoyote ya kuonekana. Wiki chache baadaye shingo na miguu ikabaki mifupi, wakawa wanasimama wametanua miguu. Mfugaji yeyote hapo angewaza madini. Lakini kata fupa la paja kwa msumeno, urefu wake, utazame kichwa chake kinapoingia nyongani: gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, kwa walioathirika sana hadi mfupa umebaki wazi. Gegedu la bomba la hewa nalo limeharibika, ndiyo maana baadhi hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2012 chanzo kilichapishwa: herufi moja tu ya DNA imepotea kwenye jeni la SLC13A1, linalohusika na kusafirisha sulfeti mwilini. Gegedu haliwezi kujijenga vizuri bila sulfeti. Jiwe la chumvi la kulamba halirudishi herufi hiyo.

Matege nayo ni hivyohivyo. Tumezoea kusema ni upungufu wa vitamini D au fosforasi, na mara nyingi ni kweli. Kwa kondoo wa aina ya Corriedale wa huko huko, haikuwa hivyo: mwaka 2011 ilibainika ni hitilafu kwenye jeni la DMP1.

“Dume langu lina afya, mwenye kasoro ni jike.” Hapana. Magonjwa haya mawili humpata mtoto aliyepokea jeni bovu kwa baba na kwa mama, wote wawili wakiwa wazima machoni. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, uwezekano wa kupata mgonjwa ni robo kwa kila uzazi. Na kati ya watoto wanaotoka wazima, theluthi mbili hutarajiwa kulibeba jeni hilo kimyakimya. Kwa hiyo kuchinja wagonjwa peke yake hakulimalizi tatizo zizini. Kwa ng’ombe wa Angus wenye manosidosisi (ugonjwa wa kurithi wa kukosa kimeng’enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini; huu si wa mifupa hasa, unashika mishipa ya fahamu), Robert Jolly na wenzake wa Massey waliwasaka wabebaji kwa kupima damu tangu miaka ya 1970, kwa sababu mbebaji ana takriban nusu tu ya kimeng’enya kinachotakiwa.

Siku hizi kuna wanaodai vipimo vya DNA vimemstaafisha mtaalamu wa patholojia na hadubini yake. Mimi naona vimemwongezea kazi. Kulitafuta jeni ni kulinganisha DNA ya wagonjwa na ya wazima; ukichanganya humo mwanakondoo aliyepinda miguu kwa sababu ya lishe, hesabu yote inavurugika. Lazima awepo mtu wa kupasua mfupa kwanza, aseme huyu ni mgonjwa, yule siye.