Pasipoti ya mama mkubwa haijaisha, lakini haisafiri

Usiku wa Jumatano, siku 3 kabla ya ndege, mama mkubwa alitoa pasipoti yake kwenye kopo la biskuti anamowekea nyuzi, sindano na risiti za mazishi ya marehemu mumewe. Alikuwa anakwenda India kutibiwa moyo, mimi ndiye msindikizaji. Viza imo ndani, tikiti zimelipwa, sanduku limefungwa kamba kwa sababu zipu yake hakuna anayeiamini. Nilifungua ukurasa wa picha ninakili namba tu. Macho yakateremka mpaka kwenye tarehe ya mwisho. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Ilikuwa imebaki miezi 4 na siku 11.

"Si haijaisha?" yaya, dada yangu mkubwa, aliuliza kutoka jikoni, mwiko wa bukari (ugali) mkononi.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na wengi hapa Lubumbashi wangeuliza hivyo hivyo. Nayaandika haya kwa sababu usiku ule, kati ya saa 2 na saa 6, nilisikia kwa ndugu zangu karibu kila dhana potofu inayozunguka pasipoti, na nyingine nilizitamka mimi mwenyewe.

"Haijaisha, basi inasafiri"

Tarehe iliyoandikwa kwenye pasipoti inakuambia ni lini nchi yako itaacha kuitambua. Nchi unayokwenda ina hesabu yake. India inataka pasipoti iwe imebakiza miezi isiyopungua 6 tangu siku unayofika. Falme za Kiarabu, wanakokimbilia wafanyabiashara wetu wa simu na nguo, nazo zinataka miezi 6.

Hapo ndipo watu wamezaa dhana ya pili, kwamba miezi 6 ni sheria ya dunia nzima. Sivyo. Afrika Kusini inaridhika na siku 30 baada ya siku uliyopanga kuondoka kwao. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Angalieni vizuri: kwa India unaanza kuhesabu siku unapoingia, kwa wengine siku unapotoka. Mtu anayekwenda Ubelgiji kulea mjukuu kwa miezi 2 aongeze miezi hiyo 2 kwanza, kisha 3 juu yake. Wengi wanahesabu kuanzia siku ya kupanda ndege na kukosea hapo hapo.

Msisahau kurasa pia. Ubalozi wa Schengen utataka angalau kurasa 2 tupu. Mfanyabiashara wa kila mwezi anaweza kuwa na pasipoti changa kwa miaka, ila imejaa mihuri hadi jalada.

"Viza imetoka, nani atatuzuia?"

Hili lilikuwa langu. Nilijiuliza: ubalozi waliiona pasipoti hii hii, wakaibandika viza, sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba tuliomba viza pasipoti ikiwa na miezi 7 kamili. Kisha safari ikasogea, kwa sababu michango ya familia haikutimia. (Wajomba wa Likasi wanajijua.) Viza ikatusubiri bila shida, pasipoti ikazidi kuzeeka ndani ya kopo.

Wa kwanza kukuzuia ni mtu wa kaunta ya ndege, pale uwanja wa Luano, kabla hata sanduku halijapimwa. Mashirika ya ndege yanatumia mfumo unaoitwa Timatic, wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani: anaingiza uraia wako, nchi unayokwenda na tarehe ya pasipoti, mfumo unamwambia ukubaliwe au la. Shirika likimpakia abiria ambaye karatasi zake hazijatimia, litamrudisha kwa gharama yake, na nchi nyingi zinalitoza faini juu yake. Kwa hiyo dada wa kaunta hata ukimlilia, ukamwonyesha barua ya daktari, hana la kukusaidia. Na pesa ya tikiti kwa kawaida hairudi, kwani kosa halikuwa la ndege.

"Nina mtu DGM"

Papa mdogo alishika simu saa 4 usiku akaanza kutafuta mtu wake wa DGM, idara ya uhamiaji. Tukamwacha, maana alikuwa anafarijika. Lakini DGM kazi yao ni kukagua wanaoingia na wanaotoka. Pasipoti inatolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. Hata huyo mtu angekuwa amezaliwa tumbo moja nasi, asingeweza kuongeza siku hata moja, kwa sababu tarehe ile haiko tu kwenye maandishi unayoyasoma. Imo pia katika mistari 2 ya chini inayosomwa na mashine, na ndani ya chipu. Komisioneri, yaani dalali, wa mjini atakayekuambia anao muhuri wa kuongeza muda, mwache aende zake. Ukiupokea muhuri huo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

"Herufi moja si kitu" na "jina likikosewa kidogo tu, umekwisha"

Dhana hizi mbili zinapingana, na katika familia yetu kila moja ina wafuasi wake.

Sisi Wacongo tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina la asili linalofuata) na prénom (jina la ubatizo). Mwaka 1972, enzi za Zaire, Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo, postnom ikashika nafasi yake. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, postnom nayo haikuondoka, kwa hiyo tuna majina matatu. Fomu za dunia zina visanduku viwili. Ndiyo maana binti wa yaya aliwahi kununuliwa tikiti yenye nom na prénom tu, na mwingine akanunuliwa yenye postnom mahali pa nom.

Msibishane, teremsheni macho chini ya ukurasa wa picha. Mstari wa kwanza wa mashine unaanza na P, halafu COD, alama ya Congo yetu, halafu majina, mfano hivi:

P<CODFULANI<<BINTI<MARIE<<<<<

Kilicho kabla ya vile vimshale viwili vya mwanzo vinavyofuatana ndicho jina la ukoo. Kinachofuata, hata kama kina postnom ndani yake, kinaingia kwenye kisanduku cha majina mengine. Vimshale vya mwishoni vinajaza nafasi tu mpaka herufi zitimie 44. Tikiti na fomu ya viza zifuate mstari huo, siyo jinsi mtu anavyoitwa kanisani. Kama tikiti imebandika majina mawili pamoja, BINTIMARIE, usipoteze usingizi, mifumo ya ndege huandika hivyo. Nukta na vikofia vya Kifaransa vikikosekana kwenye tikiti, navyo si kosa, mashine haiviandiki. Ila jina zima likikosekana, au herufi zikibadilika hadi likawa jina la mtu mwingine, mpigie aliyekuuzia tikiti siku hiyo hiyo.

Na ile COD iangalieni. Kwenye orodha za fomu za mtandaoni kuna Congo mbili. Ukigusa ile ya Brazzaville, inaandikwa COG, ombi lako litakuwa la raia wa nchi nyingine. Nimeona mwanamume mzima, mhandisi wa mgodi, akigusa COG kwa sababu ndiyo iliyotangulia.

Mstari wa pili una tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, mwaka ukiwa mbele. Aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1958 anasomeka 580403. Kwa wazee linganisheni tarehe hiyo na kadi ya mpigakura na barua ya hospitali. Wazee wetu wengi wana tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya mama yao na nyingine ya karani.

"Mtoto mdogo anasafiri na pasipoti ya mama yake"

Zamani iliwezekana. Siku hizi kila mtu na pasipoti yake, hata mtoto wa wiki 3. Akisafiri na mzazi mmoja, bebeni cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi aliyebaki.

"Ilipotea, lakini nimeipata, tuendelee"

Kama hujaripoti popote, sawa. Kama uliripoti na taarifa ikafika Interpol, ambao tangu 2002 wana hifadhidata ya hati zilizopotea na kuibiwa, pasipoti hiyo imekufa. Hata uikute chini ya godoro, ikipitishwa kwenye mashine ya uwanja wa ndege wa nje itatokea kama hati iliyoibiwa, na wewe mwenye picha ndiye utakayeulizwa maswali.

"Kadi ya njano ya mama imeisha, hiyo ndiyo shida kubwa"

Hili la mwisho lilitoka kwa yaya, alipokuwa akipekua kopo lile. Aliishika kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama mtu aliyemkamata mwizi. Mama mkubwa alichanjwa mwaka 2013, kadi imeandikwa mwisho 2023. Yaya akasema: hata pasipoti ingekuwa nzuri, kwa kadi hii asingefika.

Kumbe kadi ndiyo ilikuwa nzima. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za Shirika la Afya Duniani, cheti cha homa ya manjano kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama karatasi imeandikwa miaka 10. Hakuna haja ya kuchanjwa tena wala kumlipa mtu abadilishe tarehe.

Alhamisi asubuhi tulisogeza tikiti na kulipa faini yake, hospitali ikatupa tarehe nyingine, pasipoti mpya ikaombwa, viza nayo ikaanza upya. Mama mkubwa aliondoka wiki 9 baadaye, kopo lake akaliacha kwa yaya.

Kuna jambo moja sikulisema usiku ule. Kadi yangu ya njano ilipotea tulipohama Katuba, na nilikuwa nimepanga kwenda kuchanjwa Ijumaa, nipande ndege Jumamosi. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. India ikimpokea mtu anayetoka nchi yenye homa ya manjano bila cheti kinachofanya kazi, inaweza kumtenga hadi siku 6. Mama mkubwa angefika hospitalini peke yake, msindikizaji wake amefungiwa karantini. Yaya mpaka leo anaamini ni pasipoti ya mama tu iliyotuchelewesha.