Je, wajua kwa nini madereva wenye breki bora waliendelea kugonga?

Barabara ina utelezi. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu zake zote, tairi zinafunga, gari linaserereka kama limepita juu ya sabuni. Hapo hata azungushe usukani namna gani ni kazi bure, kwa sababu tairi isiyozunguka haifuati usukani. Breki za ABS, zilizotengenezwa na Bosch na kuingia kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, zilikuja kutibu tatizo hilo. Kila tairi inapokaribia kufunga, breki hulegezwa kidogo, ikakamata tena, ikalegezwa tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ndiyo ile mitetemo mguuni inayomfanya dereva asiyeizoea aachie pedeli akidhani kuna kitu kimevunjika. Usiachie, endelea kukandamiza.

Kwa breki za namna hiyo, ungetarajia ajali zipungue. Katika miaka ya 1980 watafiti walikwenda mjini Munich, Ujerumani, kwenye kampuni ya taksi ambayo baadhi ya magari yake yalikuwa na ABS na mengine hayakuwa nayo. Kwa mengine yote yalifanana. Baada ya miaka mitatu, hesabu ya ajali ilikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Ilikuwaje? Wachunguzi walipanda taksi hizo wakijifanya abiria wa kawaida, huku dereva hana habari. Waliona kwamba wenye ABS walikata kona kwa ukali zaidi, walitangatanga kwenye njia yao na walijiingiza ovyo katikati ya magari mengine. Dereva alikuwa amepewa akiba ya usalama, naye akaitumia yote kwa kukimbia. Mwaka wa nne ajali zilishuka sana, lakini si kwa sababu ya breki. Kampuni ilikuwa imeanza kuwakata madereva sehemu ya gharama za matengenezo, na kuwatishia kazi wale wanaogonga mara kwa mara.

Ukiishia hapo utadhani vifaa hivi vyote ni mapambo. Sivyo. Mwaka 1997 waandishi wa gazeti moja la magari la Uswidi walilikwepesha ghafla gari dogo la Mercedes A-Class, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani, na gari likapinduka. Aibu hiyo iliilazimu kampuni kuliwekea mfumo wa ESC. Mfumo huu hulinganisha upande ambao usukani umeelekezwa na upande ambao gari linakwenda kweli. Vikitofautiana, hufunga breki ya gurudumu moja tu ili kulirudisha gari kwenye mstari. Dereva mwenye pedeli moja hawezi kufanya hivyo hata awe bingwa. ESC imepunguza mno vifo vya ajali za gari kuacha njia na kupinduka, na Marekani ikaifanya kuwa lazima kwa magari mapya ya kuanzia mwaka 2012.

Kwa nini hii ilifaulu? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu dereva haihisi. Anaweza kupita miaka bila kujua kwamba ipo, na mtu hawezi kutapanya akiba asiyoijua.

Breki za dharura zinazojifunga zenyewe nazo ziko hivyo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, na mtu aliyeshtuliwa huhitaji sekunde nzima au zaidi kabla mguu haujafika kwenye breki. Rada na kamera hazihitaji muda huo. IIHS, taasisi ya utafiti inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, ilikuta kwamba magari yenye breki hizi huwagonga wenzao kwa nyuma kwa karibu nusu ya kiwango cha yale yasiyo nazo.

Kwa watembea kwa miguu nafuu ni ndogo zaidi: ajali zilipungua kwa asilimia 27. Tena penye giza lisilo na taa za barabarani, watafiti hao hawakuona tofauti yoyote. Nchini humo, karibu robo tatu ya watembea kwa miguu wanaouawa na magari hugongwa gizani.