Majaji wa Marekani wanavyokwamishwa: yanayosemwa na yalivyo

Kila uteuzi wa jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu ya Marekani, unapozua ugomvi Washington, makundi yetu ya WhatsApp hujaa wachambuzi. Hasira ipo ya kutosha, ila habari nyingi hufika zimechakachuliwa. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara.

"Bunge la Marekani limemkataa jaji."

Bunge zima halihusiki. Rais hupendekeza jina, na Seneti peke yake, yenye maseneta 100, ndiyo inayoidhinisha au kukataa. Baraza la Wawakilishi na wajumbe wake 435 hutazama kwenye televisheni kama mimi na wewe. Kura zikilingana, Makamu wa Rais huamua. Desemba 2018 Mike Pence alilazimika kufanya hivyo ili Jonathan Kobes apite kuwa jaji wa mahakama ya rufaa.

"Aliyekwama alipigiwa kura, akashindwa."

Hii inapotosha kuliko zote. Kumwangusha mteule kwa kura ya hadharani ni jambo la nadra. Robert Bork, mteule wa Mahakama ya Juu, aliangushwa hivyo mwaka 1987, kura 58 kwa 42, na mpaka leo watu wanamtaja kwa sababu yaliyompata hayatokei kila siku.

Kwa kawaida mteule hakataliwi, anakaliwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti haitishi kikao cha kumhoji. Au kikao kinafanyika, jina linatoka kwenye kamati, kisha kiongozi wa walio wengi haliingizi kwenye ratiba. Hakuna aliyesema hapana, wala hakuna saini ya kumlaumu mtu. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja katika ofisi ya ardhi anaielewa hali hii bila kuelezwa: faili halijakataliwa, lipo tu. Miaka miwili ya Kongresi, yaani muhula mmoja wa Bunge, ikimalizika, majina yaliyosalia hurudi kwa Rais, na mchezo unaanza upya au unaishia hapo.

Tazama kiti kimoja tu, cha James Buckley katika mahakama ya rufaa ya jijini Washington. Buckley alipopunguza majukumu mwaka 1996, kiti kikawa wazi. Mwaka 1999 Bill Clinton akamteua Elena Kagan. Seneti ilikuwa mikononi mwa Warepublican, na Kagan hakuitwa hata kuhojiwa. Akaja George W. Bush, akamteua John Roberts kwa kiti kilekile, naye akaidhinishwa mwaka 2003. Lakini usimwone Roberts kama mtu wa bahati. Mwaka 1992 Bush mzee alikuwa amemteua kwenye mahakama hiyohiyo, na Seneti iliyoshikwa na Wademokrat ikaliacha jina lake life kabatini. Leo Roberts ni Jaji Mkuu wa Marekani, na Kagan anakaa naye benchi moja tangu 2010. Wote wawili waliwahi kuzungushwa na chama cha upande wa pili, na hakuna popote palipoandikwa kwamba walishindwa.

Wapo waliosubiri zaidi. Richard Paez aliteuliwa na Clinton Januari 1996 kwa mahakama ya rufaa ya eneo la magharibi. Alipigiwa kura Machi 2000, zaidi ya miaka minne baadaye, na akapita.

"Mambo haya yalianza na Merrick Garland mwaka 2016."

Hapana. Seneti ilimkataa John Rutledge, mteule wa kuwa Jaji Mkuu, mwaka 1795, George Washington akiwa bado Rais, kwa kura 14 kwa 10. Kosa lake kubwa lilikuwa kuusema vibaya mkataba na Uingereza ambao serikali iliutaka. Siasa tupu, na wakati huo nchi yenyewe ilikuwa bado changa. Rais John Tyler, aliyekosana na chama chake, alikwamishiwa wateule wake wa Mahakama ya Juu mmoja baada ya mwingine katika miaka ya 1840, akaambulia mmoja tu. Mwaka 1968 Abe Fortas, aliyekuwa tayari jaji wa mahakama hiyo, alizuiwa kupanda kuwa Jaji Mkuu kwa njia ya mjadala usiokoma: mjadala usipofungwa, kura haipigwi. Waliomzuia walikuwa Warepublican wakisaidiana na Wademokrat wa kusini.

Wademokrat nao hawana mikono safi. Mwaka 2003 walizuia mara saba jaribio la kufunga mjadala ili Miguel Estrada, mteule wa Bush mdogo, apigiwe kura, mpaka mwenyewe akajitoa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema "wote ni walewale" kisha wakafunga mazungumzo. Suala la Garland lilikuwa na sura yake. Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, alifariki tarehe 13 Februari 2016. Siku hiyohiyo Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi katika Seneti, alitangaza kwamba nafasi isijazwe mpaka Rais mpya apatikane. Obama hata jina hakuwa amelitaja. Garland aliteuliwa na Obama Machi 16 kujaza kiti hicho, na uteuzi wake ukaisha Januari 3, 2017, siku 293 baadaye, bila kuhojiwa hata siku moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwaka wa uchaguzi wananchi ndio waamue. Septemba 2020 jaji mwingine wa mahakama hiyo, Ruth Bader Ginsburg, akafariki, na Amy Coney Barrett akateuliwa na Trump, akahojiwa na kuidhinishwa kwa kura 52 kwa 48 ndani ya mwezi mmoja. Zilibaki siku 8 watu wapige kura ya urais. McConnell alieleza kwamba safari hii hali ni tofauti kwa kuwa Rais na Seneti ni wa chama kimoja. Maelezo hayo yanaonyesha nani alikuwa na kura. Kanuni aliyoitaja 2016 siioni ndani yake.

"Katiba inadai kura 60."

Katiba haisemi neno lolote kuhusu 60. Ni kanuni ya Seneti yenyewe. Ilianza mwaka 1917 ikitaka theluthi mbili ili mjadala ufungwe, na mwaka 1975 ikashushwa hadi kura 60. Maana yake, maseneta 41 wangeweza kumzuia mteule anayeungwa mkono na 59. Novemba 2013 Harry Reid, kiongozi wa walio wengi wakati huo, na Wademokrat wenzake, wamechoka kuzuiwa majaji watatu wa ile mahakama ya Washington, waliifuta kanuni hiyo kwa majaji wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Aprili 2017 Warepublican wakamalizia kazi ili Neil Gorsuch apite kwenye kiti cha Scalia, kwa kura 54 kwa 45.

Kwa hiyo leo walio wachache hawawezi kumzuia jaji kwa njia ya mjadala, wanaweza kumchelewesha tu. Hata ucheleweshaji wenyewe ulikatwa mwaka 2019: kwa jaji wa wilaya, yaani wa ngazi ya chini ya mahakama za shirikisho, saa 30 za mjadala baada ya kura ya kuufunga zikawa 2. Matokeo yake unayaona kwenye hesabu. Trump alipata majaji 234 katika muhula wake wa kwanza, Biden akapata 235.

"Ugomvi wenye maana ni wa Mahakama ya Juu tu."

Mahakama ya Juu husikiliza kesi chache mno kwa mwaka. Nyingine zote huishia chini. Januari 2017 Trump alipowafungia mlango raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo, aliyeisimamisha amri hiyo nchi nzima alikuwa jaji wa wilaya huko Seattle, James Robart, aliyeteuliwa na Bush mdogo. Familia za Kisomali za Eastleigh zilizokuwa na ndugu wa kusafiri zilikuwa zikisubiri kauli ya mtu ambaye uteuzi wake haukuwahi kuwa habari kwetu. Toleo la tatu la amri hiyo ndilo lililofika juu na kupitishwa Juni 2018, majaji 5 kwa 4. Gorsuch alikuwa miongoni mwa hao watano.

"Na jaji wa kesi yangu ya uhamiaji naye kapitishwa na Seneti?"

La. Majaji wa uhamiaji ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu. Seneti haiwagusi.

"Chama chenye wingi kinafanya kitakavyo."

Karibu, lakini bado. Kuna desturi ya zaidi ya miaka mia: mwenyekiti wa Kamati ya Sheria hutuma karatasi ya bluu ya kuomba maoni kwa maseneta wawili wa jimbo ambalo jaji atafanyia kazi. Mmoja asipoirudisha, uteuzi unakwama, hata kama yeye ni wa chama cha wachache. Chuck Grassley, mwenyekiti yuleyule aliyelikalia faili la Garland, aliacha kuiheshimu karatasi hiyo kwa majaji wa rufaa mwaka 2017, lakini kwa majaji wa wilaya akaibakiza. Mwaka 2025, Grassley akiwa tena kwenye kiti hicho, Trump alimshambulia mtandaoni akitaka iondolewe kabisa. Grassley, Mrepublican mwenzake, alikataa.