Tozo ya vita kwenye nauli si bima ya mzigo wako

Dhana: "Nimelipa tozo ya hatari ya vita, kwa hiyo mzigo una bima."

Hauna. Tozo iliyo kwenye ankara ya nauli ni ya mwenye meli, na hufidia gharama zake, ikiwemo bima ya chombo chake. Kontena lako likiteketea, hupati hata senti humo.

Wengine hujibu, "Basi nina bima ya hatari zote." Hao hawajasoma kifungu cha 6 cha Institute Cargo Clauses A, masharti ya kimataifa ya bima hiyo ya mizigo, kinachoitenga vita waziwazi. Cha 7 kinatenga migomo, ghasia na ugaidi. Kinga ya vita hununuliwa kando, nayo ni ya majini tu: huanza mzigo ukipakiwa melini, huisha ukishushwa bandari ya mwisho au siku 15 baada ya meli kufika, lolote litakalotangulia. Ghalani na kwenye lori haipo. Kampuni ya bima inaweza kuisitisha kwa notisi fupi, kwa kawaida siku 7, ila mzigo ambao kinga yake imeshaanza hauguswi. Kwa hiyo inunue kabla ya kupakia, si baada ya taarifa ya habari.

Unaponunua kwa CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani, kanuni za biashara za Incoterms 2020 zinamlazimu muuzaji kukata bima ya Clauses C tu, finyu kuliko zote, kwa 110% ya bei ya mkataba. Vita haimo mpaka uiombe na kuilipia.

Linalowapata wengi zaidi si kombora. Kampuni ya meli hushusha kontena bandari nyingine na kutangaza kwamba safari imeishia hapo, na hati ya shehena (bill of lading) huiruhusu. Gharama za ghala na za kulisogeza mbele ni zako. Siku hiyohiyo iandikie kampuni ya bima, uombe kinga iendelee. Ukinyamaza, kifungu cha 9 cha masharti hayohayo ya bima kinaifunga.

Dhana: "Bima italipa hasara ya kuchelewa."

Soma kifungu cha 4.5 cha masharti hayo. Hailipi, hata matunda yakioza njiani.

Dhana: "Meli yangu haipiti huko, nauli haitapanda."

Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za Asia na Ulaya zimezunguka Rasi ya Tumaini Jema kuyakwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, takriban siku 10 zaidi kila upande. Ili ratiba ya kila wiki isivunjike huongezwa meli, nazo hutolewa njia nyingine, pengine yako. Makontena matupu nayo huchelewa kurudi.

Dhana: "Vita ikimfungia njia muuzaji mkubwa, soko ni la yeyote mwenye bidhaa."

Ni la mwenye karatasi tayari: cheti cha afya ya mimea, majibu ya maabara, sampuli iliyokwisha kukubaliwa. Tena serikali yako mwenyewe inaweza kukufungia. Mei 2022, wakati wanunuzi wakitafuta mbadala wa ngano ya Ukraine, India ilipiga marufuku kuuza ngano nje. Tangazo liliziachia shehena ambazo LC zake zisizotenguka, yaani ahadi za benki kulipa, zilikuwa zimeshafunguliwa. Mkataba uliosainiwa tu haukutosha.