Intaneti Haishuki Kutoka Angani

Mtandao unapokwama mjini Mtwara, iwe siku ya mnada wa korosho au jioni mtu anapotuma picha za harusi, maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba setilaiti imezibwa na mawingu. Dhana hiyo ina mzizi wake, kwa kuwa kabla ya Julai 2009, ulipozinduliwa mkongo wa baharini wa SEACOM (waya mnene wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari) wenye kituo Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia kweli kwenye setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza. Setilaiti hizo zilikaa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali kwenda na jibu kurudi vilichukua karibu nusu sekunde.

Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy, na sasa data nyingi husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mikongo hiyo miwili inapita katika bahari ile ile wanamovua samaki watu wa Lindi na Mikindani, lakini nchini inapanda nchi kavu Dar es Salaam. Mwenye shaka na akumbuke tarehe 12 Mei 2024, mikongo yote miwili ilipopata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini: intaneti ilizorota Tanzania nzima, wala mawingu hayakuhusika.

Wengine hukubali habari ya mkongo lakini hudhani kuutandaza chini ya bahari ni ubunifu wa karne hii. Waya wa simu ya maandishi ulitandazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, mwaka 1879. David Livingstone, ambaye alianzia Mikindani safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866, alifariki Mei 1873, na habari za kifo chake zilifika Uingereza mwanzoni mwa 1874. Waya huo ulimkosa kwa miaka michache tu. Tofauti ya kweli kati ya waya ule na intaneti haipo baharini, bali katika namna ya kutuma: kwenye intaneti ujumbe hukatwa vipande, kila kipande hubeba anwani yake, navyo huweza kupita njia tofauti na kuunganishwa vinakofika.

Wazo hilo la vipande ndilo lililozaa dhana kwamba intaneti iliundwa ili istahimili vita vya nyuklia. Ni kweli kwamba Paul Baran wa taasisi ya RAND alilichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na hofu hiyo hiyo. Hata hivyo ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ingawa ulilipiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikusudiwa watafiti washirikiane kompyuta chache na ghali zilizokuwepo. Ujumbe wake wa kwanza, tarehe 29 Oktoba 1969, ulikuwa neno «login». Zilifika herufi mbili tu, mfumo ukaanguka. (Kumbe kukwama kwa mtandao nako ni kwa asili!)

Intaneti, yaani mtandao wenyewe unaounganisha kompyuta, na wavuti, yaani kurasa tunazofungua kupitia mtandao huo, navyo huchanganywa. Kanuni za mawasiliano zinazotumika hadi leo zilianza kazi kwenye ARPANET tarehe 1 Januari 1983, ilhali Tim Berners-Lee, mtaalamu wa kompyuta, alipendekeza wavuti katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mwaka 1989. Bill Gates, anayetajwa sana vijiweni, hakubuni kimojawapo.

Na anayesema hawezi kutuma pesa kwa sababu bando limekwisha, amekosea pia: menyu inayofunguka kwa kubonyeza nyota na alama ya reli hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, bila intaneti, na ndiyo maana kitochi cha mkulima wa Tandahimba hupokea malipo sawasawa na simu janja.