Yungiyungi si gugumaji, jamani

Juzi, kando ya Ziwa Sagara, nimemkuta mzee mmoja na wanawe wawili wakivuta yungiyungi kwa reki na kulirundika ufukweni. "Tunaondoa gugumaji, afisa." Shikamoo mzee wangu, lakini hilo si gugumaji. Nimeyasema haya Kaliua, nikayasema Uvinza, mpaka koo limekauka.

Gugumaji ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Linaelea tu, ukilishika linakuja zima na mizizi yake myeusi kama manyoya, kikonyo kimevimba kama kibofu, maua yamesongamana kwenye shada moja. Yungiyungi ni mwenyeji. Jani ni la duara lenye mkato mmoja mpaka katikati, kikonyo kirefu kama kamba kinashuka hadi topeni lilipojizika shina lake, na kila ua lina kikonyo chake. Kwa hiyo kabla ya kushika reki, vuta moja kwa mkono. Likija lote bila ubishi, ling'oe. Likigoma, liache.

Wengine wanashikilia kwamba yungiyungi linawanyima samaki hewa. Kata kikonyo utazame vile vitundu. Zamisha ncha moja majini, puliza ya pili: mapovu hayo! Humo ndimo hewa inamoshuka kutoka majanini juu, si kutoka majini, kwenda kwenye shina lililo topeni. Chini ya majani vifaranga vya perege hujificha, na kivuli hupunguza mwani. Likifunika dimbwi lote ni tatizo, sikatai. Fungua njia ya mtumbwi, basi. Juu ya majani hayohayo ndege aitwaye sile-maua hutaga, na dume ndiye anayeatamia. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambamo ziwa hili limo, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingia orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000, nasi tunaifyeka kwa reki!

Eti ua likijifunga limekufa. Limelala, kesho litafunguka tena, kwa siku kadhaa, kisha kikonyo hujikunja na kulivuta chini ili tunda likomae majini.

Eti linaita mamba. Mamba anafuata chakula, hana haja na maua.

Mzee alivuta moja kwa mkono. Likagoma. Akavuta tena, kikonyo kikakatika. Akalitazama rundo lake. "Sasa haya, afisa?"

Yapeleke kwenye mahindi, mzee wangu, yaoze huko.