Khoresh: yanayosemwa na yaliyomo chunguni

Anayesema chakula cha Kiajemi ni kikali, bado hajakila. Khoresh, mchuzi mzito unaoliwa na wali, mara nyingi haina pilipili kabisa. Ina manjano, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva rangi ya asali, na kitu kichachu: ndimu kavu, shira ya komamanga au zabibu mbichi. Uchachu ndio mwenye chungu. Wairani wenyewe husema jozi (walnut) ni "garm", ya moto, ila huo ni moto wa tabia ya chakula mwilini, ulimi hauuhisi. Komamanga ni "sard", baridi. Ndiyo maana kwenye fesenjan, khoresh ya Gilan kaskazini mwa Iran, jozi zilizosagwa hupikwa na komamanga, pamoja na kuku au bata: kimoja kimpoze mwenziwe.

Pilipili utaikuta kusini, pwani ya Ghuba. Bushehr na Bandar Abbas hupika ghalieh mahi: samaki, kotmiri, uwatu, kitunguu saumu, ukwaju na hiyo pilipili. Mtu wa Unguja hatauliza ukwaju umemfuata nini samaki.

Lawama nyingine, juu ya khoresh ya majani: "Ghormeh sabzi hiyo imeungua, tazama ilivyo nyeusi!" Uonevu mtupu. Majani humo si pambo la juu ya sahani, ndiyo chakula chenyewe: mafungu kwa mafungu ya kotmiri, pasli na majani ya jamii ya liki, na uwatu kidogo tu, maana ukizidi unatia uchungu. Hukatwakatwa, yakakaangwa taratibu mpaka yakasinyaa na kuiva kijani cha giza, ndipo yakutane na nyama na maharage, yachemke kwa moto mdogo saa kadhaa. Ukiona mchuzi una kijani kibichi, mpishi alikuwa na haraka. Lawama ya haki ni ya ndimu kavu: zikitobolewa na kutiwa mapema mno, chungu kizima huwa kichungu. Wairani huziita limu amani, yaani ndimu za Omani. Wenye ndugu Maskati wanazijua kwa jina la lumi.

Kuna pia wanaoapa kwamba mapishi haya hayajabadilika tangu enzi za mfalme Koreshi (asiyehusiana na khoresh, msicheke). Mbona maharage mekundu ya ghormeh sabzi asili yake ni Amerika? Nyanya nazo ni hivyo hivyo, na jina linajitangaza: gojeh farangi, plamu za Wazungu.

Na tahdig si wali ulioharibika. Ni ukoko, lakini ukoko wa makusudi: mafuta, zafarani, pengine mkate au vipande vya viazi hutandazwa chini ya sufuria kwanza. Kwetu ukoko huachiwa watoto wakwangue. Kwao hupewa sahani yake, na watu wazima hugombania.